Uvimbe Ukishakatwa Usitupwe

Kidonda kilikuwa kimeshapona, nyuzi zimetolewa, nami nimerudi darasani kufundisha, ndipo nikaambiwa uvimbe niliotolewa shingoni ulikuwa na saratani ya thairoidi. Ugonjwa nilijulishwa ukiwa tayari umekatwa na kutolewa mwilini. Nikisimulia hivyo, wengine hudhani madaktari walinificha. Hakuna aliyenificha. Saratani ya aina hii, kwa wagonjwa walio wengi, huonekana kwenye nyama iliyokwisha kutolewa, chini ya hadubini, wakati hakuna aliyekuwa akiitafuta. Ndiyo maana naandika. Nyama ile ingetupwa siku ya operesheni, leo ningekuwa napanda na kushuka vilima vya Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikijua nilitolewa kifuko cha maji tu, na hakuna ambaye angeendelea kuichunguza shingo yangu.

Uvimbe wenyewe niliishi nao tangu usichana. Ulikaa katikati kabisa ya shingo, chini ya kidevu, juu kidogo ya kongomeo. Ulikuwa laini, wa mviringo, ukiubonyeza unateleza chini ya kidole, wala hauumi. Nikipata mafua au koo likiwasha ulivimba na ngozi yake ikawa nyekundu, kisha ukarudi ulivyokuwa. Kwa kuwa haukunisumbua, na kwa kuwa kwetu hospitali haiendwi bila pesa mkononi, niliufunika kwa kitambaa nikaendelea na maisha.

Kila mtu aliuita goita, na siwashangai. Ukoo wa mama yangu unatoka kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, na kule wazee wenye rovu, yaani goita, shingoni walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyegeuka kuwatazama. Idjwi imeandikwa sana na madaktari kwa sababu hiyo. Miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji, akiwemo François Delange, walifanya kazi kisiwani humo wakakuta jambo la ajabu: iodini ilikuwa pungufu kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Baadaye ikaeleweka kwamba muhogo usioandaliwa vizuri una sumu ambayo ikiingia mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi ya thairoidi ya shingoni kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Kwa hiyo mama mkubwa aliponiambia, "Mwanangu, punguza muhogo, nunua chumvi ya pakiti," alikuwa na hekima yake. Ila alikuwa anatibu ugonjwa mwingine. Goita ni tezi ya thairoidi yenyewe iliyovimba, na tezi hiyo hukaa chini, mbele ya bomba la hewa, karibu na kifua. Uvimbe wangu ulikuwa juu zaidi. Habari yote ilikuwa katika tofauti hiyo ya vidole viwili vitatu, na nyumbani kwetu hakukuwa na wa kutuambia. Baba mdogo alinipeleka kwa mganga, nikachanjwa chale na kupakwa majivu. Alama zake bado zinaonekana karibu na kovu la operesheni.

Nilipokaribia miaka 40 uvimbe ulianza kukua. Haukukua kwa kasi, lakini nikiupapasa niliona upande mmoja una kitu kigumu ambacho zamani hakikuwapo. Hicho kigumu ndicho kilichonipeleka hospitalini.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana. Hakuanza na mashine. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, akaweka kidole juu ya uvimbe, akasema, "Mwalimu, meza mate." Nikameza, uvimbe ukapanda. "Sasa fungua kinywa, toa ulimi nje, wote." Nikautoa. Uvimbe ukapanda tena chini ya kidole chake, na mimi mwenyewe nikahisi kitu kikivutwa kutoka ndani ya shingo. "Goita inapanda ukimeza," akasema, "lakini ulimi haiujali. Huu umefungwa na ulimi wako."

Akageuza karatasi akanichorea. Mtoto akiwa tumboni, wiki ya 4 hivi, tezi ya thairoidi huanza kuumbwa kwenye shina la ulimi. Ndiko kwao. Kisha inashuka, inapita karibu na mfupa mdogo wa shingo uitwao hioidi, na kufikia wiki ya 7 inakuwa imefika mahali pake mbele ya bomba la hewa. Njia iliyopitia ni kijibomba chembamba, na kijibomba hicho hutakiwa kufungika na kutoweka. Kwa baadhi ya watu hakitoweki chote. Kipande kinabaki, kinajaa majimaji, kinakuwa kifuko. Isitoshe, tezi inashuka kama msafiri aliyebeba mfuko uliotoboka: chembe zake nyingine zinabaki njiani, kwenye shina la ulimi, kwenye ukuta wa kifuko, na mara chache sana hata ndani ya kifua. Chembe hizo zilizopotea njia ni thairoidi kamili. Zinachukua iodini, zinatengeneza homoni, na lolote linaloweza kuipata tezi iliyo mahali pake linaweza kuzipata nazo. Zinaweza kuvimba. Zinaweza kugeuka saratani. Hilo la mwisho alilisema bila kunitisha, akaongeza kwamba katika watu 100 wenye vifuko hivi, ni kama 1 tu ambaye hukutwa nayo.

Kabla ya kuzungumzia kisu aliniandikia ekografi, yaani ultrasaundi, na kwenye karatasi ya maombi akaandika swali moja kwa mkono wake: je, tezi ya thairoidi ipo mahali pake? Swali hilo nimekuja kuliheshimu kuliko mengine yote niliyosikia katika safari hii. Kuna watu ambao tezi yao haikushuka kabisa. Katika thairoidi zote zinazokutwa nje ya mahali pake, kiasi cha asilimia 90 ziko kwenye ulimi, na kwa watu wapatao 7 katika 10 wenye hali hiyo, ile ya ulimini ndiyo thairoidi pekee waliyo nayo. Ukiikata bila kuangalia chini kwanza, umemwondolea mtu tezi yake yote.

Maana ya jambo hilo niliiona kwa macho baadaye, kwenye benchi la kusubiri. Karibu nami aliketi mama mmoja wa makamo, jua la saa sita limewaka, naye amejifunga kitenge juu ya koti la sufi. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho. Aliongea polepole, kwa sauti nzito ya kukwaruza, akitafuta maneno. Alinieleza kwamba katika mji mwingine alitolewa uvimbe nyuma ya ulimi, kwa sababu ulikuwa unamkaba akilala. Hakuna aliyempima shingo kabla. Miezi iliyofuata baridi ikamwingia hata mchana, unene ukaja bila kula, usingizi ukawa hauishi, nywele zikamtoka. Wakwe wakasema ni uvivu. Wengine wakasema ametupiwa kitu, akakeshewa kwa maombi. Mwisho muuguzi mmoja akashauri apimwe damu, kile kipimo cha TSH kinachoonyesha kama thairoidi inafanya kazi, na hapo ikajulikana kwamba mwili wake hauna thairoidi hata kidogo. Ile ya ulimini ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Sasa anameza levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, na atameza maisha yote. Alinionyesha anavyofanya, nami nikashika kila neno kwa sababu wakati ule sikujua kama nami nitaihitaji: kidonge alfajiri tumbo likiwa tupu, maji matupu, chai isubiri nusu saa au zaidi, na vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu visikaribiane navyo kwa saa 4. Kinachomtesa si kumeza. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na mabenki yakafungwa, watu walikuwa na pesa zao benki na mkononi hawana kitu. Yeye aligawanya vidonge kwa kisu cha jikoni ili vifike mbali. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha kwa wiki moja hivi, kwa hivyo siku moja ikikupita huanguki. Lakini wiki zikifuatana unaanguka, naye aliangushwa. Mama huyu hakuwa na saratani hata kidogo. Kilichomfikisha pale ni swali ambalo halikuulizwa.

Mimi tezi yangu ilionekana, pande zote mbili, saizi ya kawaida, haina vinundu. Kifuko kilionekana juu yake, na ndani ya ukuta wake kitu kidogo kilichojitokeza, chenye chembechembe nyeupe za chokaa. Daktari wa ekografi aliliandika hilo bila kulipigia kelele. Nikachomwa sindano nyembamba, wakavuta majimaji ya rangi ya asali. Jibu likasema hakuna chembe za saratani zilizoonekana. Nyumbani tukashangilia. Daktari kijana hakushangilia, akanieleza sababu: sindano ikiingia kwenye kifuko huvuta zaidi maji, na chembe mbaya zimekaa ukutani, hivyo mara nyingi sindano hurudi bila kuzigusa. "Sindano ikisema ipo, tunaamini," alisema. "Ikisema haipo, tunangoja nyama."

Operesheni yenyewe ina jina la daktari wa Marekani, Walter Sistrunk wa Mayo Clinic, aliyeieleza mwaka 1920, na mpaka leo wapasuaji wanamfuata. Zamani walikuwa wanatoa kifuko peke yake, na kwa wagonjwa wengi kilirudi, kwa sababu kijibomba kilibaki. Sistrunk akaonyesha kwamba lazima utoe kifuko, na kipande cha katikati cha ule mfupa wa hioidi, na nyama ya njia nzima hadi shina la ulimi. Mimi niliposikia habari ya kukatwa mfupa niliogopa. Naimba alto katika kwaya ya parokia, na sikuweza kuwaza Jumapili bila sauti. Mpasuaji akanituliza: kipande hicho cha mfupa hakihitajiki kwa kuimba wala kwa kumeza, na neva za sauti ziko chini zaidi, pembeni ya tezi, mahali ambapo kisu chake hakitafika.

Pesa ndiyo ilikuwa vita. Operesheni, dawa za usingizi, kitanda, vyote vililipwa kwa dola, nusu zetu, nusu za wanakwaya waliopitisha kikapu. Tulipodhani tumemaliza, ikaja karatasi nyingine: kipimo cha nyama, kile ambacho watu wa hospitali wanakiita anapati. Hakimo katika bei ya operesheni. Kinalipwa peke yake, na nyama inasafirishwa, kwa sababu wataalamu wa kusoma nyama nchini kwetu ni wachache sana. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa anayenitunza tangu baba afariki, akasema, "Sindano imeshasema hakuna kitu. Hizo pesa si zimlishe mgonjwa?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameuza mbuzi. Mpasuaji akamjibu kwa adabu, "Papa, mimi nimeushika ule ukuta kwa vidole vyangu. Kuna mahali pagumu. Mnisaidie nijue nimetoa nini."

Yaya akakubali. Alikabidhiwa nyama yangu katika chupa ya plastiki yenye mfuniko mweupe, imeelea kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na juu yake kipande cha plasta, sparadra, kilichoandikwa jina langu, tarehe, na mahali nyama ilipotoka. Aliniletea niione kabla ya kuipeleka. Kilikuwa kitu kidogo, kijivu, chenye ncha ngumu ya mfupa upande mmoja. Harufu ya fomalini ilituchoma macho sisi sote wawili, na yeye, mtu mzima, akaishika chupa ile kwa mikono miwili hadi mlangoni.

Jibu lilichukua muda mrefu. Nilipoitwa, kovu lilikuwa limeshafifia. Karatasi ilisema: saratani ya thairoidi aina ya papilari, milimita 8, imo ndani ya ukuta wa kifuko, haijautoboa ukuta, kingo za nyama ni safi. Mwishoni palikuwa na sentensi ambayo daktari aliipigia mstari kwa kalamu: pembeni ya saratani kuna chembe za kawaida za thairoidi. Maana yake, akaniambia, ugonjwa ulizaliwa pale pale katika zile chembe zilizobaki njiani. Haukupanda kutoka kwenye tezi ya chini.

Neno saratani kwetu ni kama tangazo la msiba. Nilipofika nyumbani na kumwambia mume wangu, jioni ile ile majirani walianza kuingia mmoja mmoja, wameketi kimya, mmoja analia, na mimi ndiye niliyepika chai. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba ni adhabu. Jambo hili liliniumiza kuliko kisu, na nataka niliseme wazi kwa yeyote anayeuguza: chembe zile zilibaki pale kabla mama yangu hajajua kama ana mimba ya msichana au mvulana. Sikuzitenda, wala hakuna aliyenitupia. Na saratani ya papilari, ikikamatwa mapema, ni miongoni mwa saratani ambazo watu wengi mno huishi nazo miaka na miaka hadi wanakufa kwa uzee.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwa namna nyingine, maana hapakuwa na jibu moja. Je, sasa tuitoe na tezi yenyewe? Madaktari duniani hawajakubaliana. Upande mmoja wanasema: itoe yote, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa tezi nayo hukutwa na saratani ndogo iliyojificha, na tezi ikishatoka unaweza kunywa iodini yenye mionzi ikaua chembe zilizosalia, tena unaweza kufuatilia kwa kupima kwenye damu thairoglobulini, protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi. Upande wa pili wanasema: kama saratani ni ndogo, haikutoboa ukuta, tezi ni safi kwenye ekografi, mitoki ya shingo haikuvimba, na mgonjwa hakupigwa mionzi shingoni utotoni, basi operesheni ya Sistrunk imetosha, mwache na tezi yake umfuatilie kwa karibu.

Yaya alikuwa upande wa kwanza. "Watoe yote, tulale usingizi." Namwelewa. Mtu anayekupenda anataka adui asibaki hata kivuli. Lakini mimi nilikuwa nimeketi benchi moja na yule mama wa koti la sufi. Nilijua kwamba kutoa tezi si kumaliza habari, ni kuanza nyingine. Vidonge kila alfajiri hadi kufa, katika mji ambao barabara, ziwa na mpaka vinaweza kufungwa usiku mmoja. Vitezi vinne vidogo vilivyojibana nyuma ya thairoidi, vinavyotunza kalsiamu, vikiguswa vidole vinakufa ganzi na misuli inakaza, na hapo unaongeza vidonge vingine. Neva za sauti zikijeruhiwa, kwaya imekwisha. Na iodini ya mionzi hatuna Bukavu. Ni safari ya mbali, kama hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam, kisha kujitenga na watoto kwa siku kadhaa hadi mionzi ipungue mwilini.

Nisieleweke vibaya. Kama karatasi ingesema ukuta umetobolewa, au ekografi ingeonyesha kinundu katika tezi au mtoki uliovimba, ningeitoa bila kubishana, na mtu yeyote aliye katika hali hiyo namwomba aitoe, akope, asafiri. Nina jirani wa parokia aliyetolewa tezi yote kwa sababu ya haki kabisa, anameza vidonge vyake na anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Nyawera kila siku, mwenye nguvu kuliko mimi. Nasema tu kwamba uamuzi ulitegemea milimita na ukuta na kingo, na mambo hayo yote yalipatikana kwenye ile chupa ambayo nusura tusiilipie. Bila karatasi ya nyama hata ubishi wetu usingekuwapo.

Nikamuuliza daktari mbele ya Yaya, "Docta, angekuwa dada yako?" Akanyamaza kidogo, akasema angemwachia tezi na angemkamata kwa ekografi asimwachie. Tukakubaliana hivyo.

Basi napimwa. Mwanzoni kila miezi 6, sasa kila mwaka: ekografi ya tezi na ya shingo pande zote mbili hadi chini ya sikio, kwa sababu papilari ikitembea hupenda mitoki ya shingo, na damu kwa ajili ya TSH. Mwenye mashine akianza kuangalia tezi tu na kufuta jeli, namwambia, "Bado, tafadhali. Na huku pembeni." Wengine hukunja uso kidogo, kisha wanarudi wanaangalia. Nimejifunza kutoona aibu. Karatasi zangu zote, ya kwanza hadi ya mwisho, zimo kwenye bahasha ya plastiki, na picha zake ziko kwenye simu yangu, ya mume wangu na ya Yaya. Mwaka 2025 watu wengi walikimbia wakaacha nyumba na vilivyomo. Daktari mpya huko uendako hawezi kujua kwamba ukuta haukutobolewa usipomwonyesha.

Sauti haikubadilika. Kumeza kulikuwa kwa shida wiki za mwanzo, nikala uji na sombe, majani ya muhogo, iliyopondwa laini, kisha kukaisha.

Tangu habari hizi zisambae kazini na kanisani, watu huniita. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto, kwa sababu vifuko hivi huonekana zaidi utotoni. Mtoto anatoa ulimi, uvimbe unapanda, mama ananitazama kwa hofu. Namwambia kwanza kwamba kwa watoto saratani hii ni adimu sana, wengi wanaokutwa nayo ni watu wazima, asikeshe akilia. Kisha namwambia aulize kama thairoidi imeonekana mahali pake, na asikubali tarehe ya kisu kabla jibu hilo halijaandikwa. Mwaka uliopita nilimsindikiza mwalimu mwenzangu na binti yake hatua zote hizo. Jibu la nyama lilisema kifuko cha kawaida, hakuna saratani. Baba wa mtoto akanung'unika kwamba pesa zimelipwa bure. Mwalimu mwenzangu akaikunja ile karatasi akaitia katika kitambulisho cha chanjo cha mtoto, akasema hiyo ndiyo aliyokuwa ananunua.

Mambo ya chupa nayafuatilia mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri ya mpasuaji inapoweza kupotea. Iwe na mdomo mpana, nyama isibanwe. Kiwe fomalini cha asilimia 10, si maji, si maji ya chumvi, na kiwe kingi, kama mara 10 ya ukubwa wa nyama, vinginevyo inaoza ndani na msomaji haoni kitu. Jina, tarehe na mahali vibandikwe kwenye chupa yenyewe, visibandikwe kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana. Barua ya daktari isafiri pamoja nayo, na iseme uvimbe ulikuwa katikati ya shingo na ulipanda na ulimi. Ukifika, omba namba waliyoipa sampuli yako uiandike, na uwaombe waihifadhi nyama iliyobaki katika nta ambamo maabara huigandisha, kwa sababu mtaalamu mwingine akitaka kuisoma tena baada ya miaka, hiyo ndiyo atakayoiomba.